Pindo, Sijafu na Taraza: Historia Fupi ya Maneno ya Ukingo wa Nguo

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mbele ya watumishi wa istilahi, yapo yanayoonekana makubwa, kama yale ya sheria, tiba na fedha. Na yapo yanayoonekana madogo, hata mtu akaona haya kuyatia katika ajenda ya kikao. Makala haya yanahusu swali moja la aina ya pili. Swali lenyewe ni hili: ule ukanda wa nguo unaoshonwa kuzunguka ukingo wa mfarishi ili kuufunika na kuuhifadhi, uitweje kwa Kiswahili sanifu? Na kitendo cha kuushona kiitweje?

Yafaa kwanza tueleze mfarishi ni kitu gani, maana neno hili halisikiki sana mijini siku hizi, na vijana wengi husema tu blanketi la viraka. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunika au kutandika, yenye matabaka matatu. Tabaka la juu ni uso, ambao mara nyingi huungwa kwa viraka vya rangi mbalimbali. Tabaka la kati ni pamba au kitu kingine cha kujazia. Tabaka la chini ni bitana. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono inayopita juu hadi chini, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Neno lenyewe limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kutandika, nasi tutalitumia katika makala haya yote.

Kosa letu

Hapana budi tuanze kwa kuungama. Tuliombwa kutafsiri kijitabu cha ushonaji kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa Buguruni, Wilaya ya Ilala, ambao huunga mifarishi kwa vipande vya vitenge vinavyobaki kwa mafundi wa cherehani. Kazi hiyo tuliiona nyepesi. Tulipofika mahali panapoelezwa jinsi ya kuumaliza ukingo, tulifungua kamusi, tukaona neno pindo, tukaandika: "Kisha piga pindo kuzunguka mfarishi wote." Sentensi hiyo haikuwa na kosa la sarufi wala la tahajia. Tuliisoma mara mbili, tukaridhika nayo.

Siku moja baadaye tulifika Buguruni Malapa kuona kazi inavyoendelea. Barazani alikuwako mama mmoja mtu mzima, fundi wa miaka mingi. Tulimwamkia shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni mkae." Kisha, bila ya kutulaumu, alitukunjulia mfarishi uliorudishwa na mteja. Alikuwa ameufuata mwongozo wetu neno kwa neno. Ukingo alikuwa ameukunja mara mbili, kama apindavyo mtu kanga. Lakini kwa kuwa mfarishi una matabaka matatu, ukiukunja mara mbili cherehani hukutana na matabaka tisa. Sindano mbili zilikuwa zimevunjika. Ukingo ulikuwa mgumu kama kamba, pembe zimevimba, na baada ya kufuliwa mara moja tu mshono ulikuwa umeachia na pamba inachungulia.

"Mimi nilijua pindo halikai hapa," alisema mama yule, "lakini nikaona kitabu kimesema hivyo, nikafikiri huenda waliokiandika wanajua zaidi. Hapa hapapindwi, wanangu. Hapa huvishwa."

Maneno hayo yalitukaa. Fundi aliyajua yaliyo sahihi, akayaacha kwa sababu ya heshima aliyo nayo kwa neno lililopigwa chapa. Heshima hiyo ndiyo mtaji wa kila chombo cha lugha, nasi tulikuwa tumeitumia kumharibia mtu kazi yake. Tuliporudi ofisini tulijiuliza: je, Kiswahili hakina maneno ya kutosha juu ya ukingo wa nguo, au sisi ndio tuliokuwa hatuyajui? Kulijibu swali hilo kwatulazimu kuitazama historia.

Nguo iliyofumwa na ukingo wake

Watu wa pwani yetu walisokota na kufuma pamba kwa karne nyingi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya kusokotea nyuzi katika magofu ya Kilwa. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilisifika na kupelekwa hata Misri. Mreno Duarte Barbosa, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 16, alieleza jinsi watu wa Sofala walivyokuwa wakizifumua nguo za rangi zilizotoka Cambay, Bara Hindi, kisha wakafuma upya nyuzi zile pamoja na pamba yao nyeupe ili wapate nguo yenye rangi mbili.

Sasa, nguo iliyofumwa kwa kipimo chake haina haja kubwa ya pindo. Pande mbili za ubavuni, pale mshindio unapogeuka na kurudi ndani ya mtande, hujifunga zenyewe. Ncha mbili zilizobaki huweza kuachiwa matamvua, kama tuonavyo hata leo katika kikoi. Mfumaji aliyetaka kuupamba ukingo wa kilemba au kitambi aliufumia taraza, yaani utepe mwembamba, aghalabu wa hariri, uliokuwa sehemu ya nguo au uliofumwa kuambatana nayo.

Neno taraza nalo lina nasaba ndefu. Ni ndugu wa neno la Kiarabu tiraz, lililopata kuwa jina la tepe zilizotiwa maandishi, mara nyingi jina la khalifa, na vilevile jina la karakana zilizofuma tepe hizo. Mtu aliyepewa vazi la namna hiyo alivaa heshima ya mtawala katika ukingo wa nguo yake. Lilipofika kwetu neno hilo halikubeba mamlaka ya makhalifa, bali lilibaki na maana yake ya msingi: ukingo wa kufumwa, wa pambo na wa fahari.

Hapa inafaa tuwatahadharishe wafasiri juu ya maneno mawili yanayofanana, darizi na tarizi. Wengi wetu huyatumia kama neno moja lenye matamshi mawili, kwa maana ya kupamba nguo kwa sindano. Hata hivyo, la kwanza lina uhusiano na neno la Kiajemi darz, yaani mshono, ambalo ndilo lililozaa neno darzi, fundi wa nguo, huko Uajemi na Bara Hindi. La pili liko karibu na tiraz. Moja limetoka katika kuunga, jingine limetoka katika kupamba.

Nguo ya jora na kuzaliwa kwa haja ya pindo

Mambo yalibadilika sana katika karne ya 19. Mwaka 1833 Marekani ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaongeza shehena zao za nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo mpaka leo twaiita merikani. Nguo hiyo ilikuja kwa majora. Jora hukatwa, na kila penye mkato nyuzi hufumuka. Nguo ya namna hii humlazimu mwenye nayo ashughulikie ukingo wake, na njia iliyo rahisi kupita zote ni kuukunja na kuushona. Ndiyo kazi ya pindo.

Neno hili halikuja na jahazi lolote. Ni la Kibantu, nalo limetokana na kitenzi pinda. Maana yake imo ndani ya umbo lake: pindo ni kile kilichopindwa. Nguo yenyewe hujikunja na kujifunika, wala hapana kitu kingine kinachoongezwa. Lau tungaliutazama mzizi wa neno hili siku ile tulipotafsiri, tungalijua kwamba haliwezi kubeba maana ya ukanda mgeni ulioletwa kutoka nje na kushonewa juu.

Washonaji wa kanzu nao walikuwa na hazina yao. Kanzu ina badani, ina taharizi, ina kikwapa. Na katika ncha za mikono na chini ina sijafu, ambayo ni ukingo uliogeuzwa ndani, ama kwa nguo ile ile ama kwa kipande kingine kilichoshonewa kwa ndani ili kuutia nguvu. Sijafu huonekana kwa ndani tu. Kwa hiyo si pindo la kawaida, wala si taraza. Bitana nayo, ambayo asili yake ni neno la Kiarabu linalohusiana na tumbo, ni nguo ya ndani inayofunika upande wote wala si ukingo peke yake.

Baadaye ikaja cherehani, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Pindo lililomchukua mshonaji saa nzima kwa mkono likawa kazi ya dakika chache. Bila shaka ndiyo sababu neno pindo likasikika kila siku sokoni, na taraza na sijafu yakabaki kwa mafundi wachache.

Kanga na pindo lisilopindwa

Iko sababu nyingine iliyolipa neno pindo maana mpya, nayo ni kanga. Kila msomaji ajua kwamba kanga ina mji, ambao ni eneo la katikati. Ina jina, yaani maandishi. Na ina pindo, ambalo ni ule upana wa nakshi uliopigwa chapa pande zote nne. Pindo hili halikupindwa. Ni picha ya ukingo iliyochapwa juu ya nguo.

Basi mwanamke wa Buguruni anunuapo doti hupeleka kwa fundi ikatwe vipande viwili na ipindwe. Akisema, "Nipindie kanga yangu," ana maana ya kukunja na kushona ncha zilizokatwa. Akisema, "Nimependa pindo lake," ana maana ya nakshi. Fundi hachanganyikiwi, kwa kuwa kanga iko mkononi mwake. Mfasiri aliye mezani hana kanga mkononi, naye huchanganyikiwa. Tangu Kiwanda cha Urafiki kilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, kanga na vitenge vilivyochapwa nchini vilizidi kulizoesha sikio letu maana hii ya pili.

Kwa hiyo neno moja limejikuta likibeba mizigo mitatu: ukingo uliokunjwa, nakshi ya ukingoni, na, kwa uvivu wetu sisi wafasiri, kila kitu kinachofanywa ukingoni mwa nguo.

Kamusi na mikono ya mafundi

Hatusemi haya kwa kuwashutumu waliotutangulia. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na kamusi zilizotolewa chini ya jina la Frederick Johnson mwaka 1939, zilikuwa na kazi kubwa ya kuleta umoja wa tahajia na wa vitabu vya shule. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanza mwaka 1970 na kutoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, haja kubwa zilikuwa za utawala, elimu na sayansi. Kamusi ya jumla humpa msomaji maana ya jumla. Si kazi yake kumweleza kila aina ya mshono.

Lakini hapo ndipo penye hatari. Istilahi za ofisini zina watu wa kuzitetea, kwa kuwa zina nyaraka. Istilahi za barazani hazina nyaraka, bali zina mikono. Fundi akiacha kazi, neno lake huondoka naye. Na mwanafunzi wa ufundi anayejifunza kwa kitabu kilichotafsiriwa vibaya hatajua kwamba neno hilo lilipata kuwako.

Kazi yenyewe

Ili tusirudie kosa, tulimwomba mama yule atuonyeshe jinsi mfarishi unavyovishwa ukingo, nasi tukaandika kila hatua. Twaieleza hapa kwa sababu mfasiri asiyeijua kazi hawezi kuupima ufaafu wa neno.

Kwanza hupimwa mzingo. Mfarishi wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 200 una mzingo wa sentimita 700. Huongezwa kama sentimita 30 kwa ajili ya pembe na maungio ya mwisho, jumla sentimita 730. Kisha hukatwa kanda zenye upana wa sentimita 6. Kitambaa chenye upana wa sentimita 110 kikitoa kanda 7, na kila maungio yakila kama sentimita 6, hupatikana sentimita 734. Hizo zatosha kwa shida. Kwa hiyo fundi mwangalifu hukata kanda 8, ambazo zahitaji sentimita 48 za kitambaa.

Kwa mfarishi wenye pande zilizonyoka kanda hukatwa kwa kufuata uzi. Kwa ukingo uliopinda hukatwa mshazari, kwa kuwa nguo iliyokatwa mshazari huvutika na kuufuata mpindo bila ya kukunjamana. Maungio ya kanda nayo hushonwa mshazari, ili unene utawanyike usirundikane mahali pamoja. Ukanda mzima kisha hukunjwa katikati kwa urefu wake na kupigwa pasi.

Halafu ukanda huwekwa juu ya uso wa mfarishi, kingo mbichi zikielekea upande mmoja na ukingo wa mfarishi, na kushonwa kiasi cha sentimita 1 kutoka ukingoni. Fundi huanzia katikati ya upande, kamwe haanzii pembeni. Akikaribia pembe husimama sentimita 1 kabla ya mwisho, huukunja ukanda juu kwa mshazari, kisha huurudisha chini kufuata upande wa pili, na kuendelea. Mkunjo huo ndio unaoifanya pembe ikae kali bila ya kuvimba. Ncha mbili zikisha kuungwa, ukanda hugeuzwa nyuma, ukaufunika ukingo wote, na kushonewa kwenye bitana kwa mkono, kwa mishono isiyoonekana.

Tulimwuliza mama faida ya taabu yote hiyo. Alitujibu kwamba ukingo ndio unaochakaa kwanza, kwa kuwa ndio unaoshikwa na kuvutwa kila usiku. Mfarishi uliovishwa, ukanda wake ukichakaa, hufumuliwa ukavishwa mwingine, na mfarishi wenyewe ukabaki salama. Kisha akatuonyesha mkeka wa plastiki tuliokuwa tumeukalia, ambao pande zake zilikuwa zimezungushiwa utepe wa kitambaa. "Huu nao umevishwa," alisema. "Utepe ukitoka, mkeka wote unakwisha." Tulikuwa tumekalia mfano wa neno tulilolitafuta.

Njia nyingine ya kumaliza ukingo

Isidhaniwe kwamba kuvisha ndiyo njia pekee. Katika jimbo la Karnataka, India, wako Wasiddi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakiwa wamepelekwa Goa wakati wa Wareno. Wanawake wao hutengeneza mifarishi ya viraka iitwayo kawandi, kwa nguo kuukuu. Mshonaji huanzia ukingoni, akiingiza ndani kingo za viraka huku akishona, na kuzunguka pole pole mpaka akafika katikati. Katika pembe hutiwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake ua. Mfarishi wa namna hii hauhitaji ukanda, kwa kuwa ukingo wake ulimalizwa mwanzo wa kazi.

Mfasiri akielezea kawandi, hatakosea akisema kwamba kingo zimepindwa. Akielezea mfarishi wa Buguruni, atakosea. Vitu viwili ni vya jamii moja, lakini vitendo ni mbalimbali, na istilahi hufuata kitendo.

Mapendekezo

Kwa kuyazingatia hayo, twawaletea wasomaji mapendekezo yafuatayo, ili wayajadili kabla ya kufikishwa mbele ya kamati ya usanifishaji.

1. Neno pindo, katika maandishi ya ushonaji, litumike kwa ukingo uliokunjwa na kushonwa wa nguo yenyewe. Maana yake katika kanga ibaki kama ilivyo, nayo itajwe pamoja na kanga: pindo la kanga.

2. Neno sijafu lifufuliwe kwa ukingo uliogeuzwa au kutiwa nguvu kwa ndani, usioonekana kwa nje.

3. Neno taraza litumike kwa ukingo wa pambo uliofumwa pamoja na nguo au kuambatana nayo.

4. Kitendo cha kuufunika ukingo kwa ukanda wa nguo nyingine, unaoonekana nje na ndani, kiitwe kuvisha ukingo. Ukanda wenyewe uitwe ukanda wa ukingo. Na ule uliokatwa mshazari uitwe ukanda wa mshazari.

Huenda wengine wakaona kwamba kuvisha ni neno la kila siku mno, na kwamba lafaa kutafutwa neno lenye sura ya kitaalamu zaidi. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Neno hili lina mzizi unaoeleweka na kila mtu, lanyambulika kwa urahisi, huvishwa, limevishwa, mvisho, na zaidi ya yote limetoka kwa mtu afanyaye kazi hiyo. Istilahi ambayo fundi hana haja ya kufundishwa ina nusu ya safari nyuma yake.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba kila namna ya ukingo ilipata jina lake kwa sababu kila namna ya nguo ilikuja na shida yake. Nguo ya kufumwa ilileta taraza. Kanzu ikaleta sijafu. Nguo ya jora ikalitia nguvu pindo. Mfarishi nao una haki ya kupewa neno lake.

Kijitabu kile tumekisahihisha. Sentensi yetu ya zamani sasa yasomeka: "Kisha uvishe mfarishi ukingo kwa ukanda ulioutayarisha." Kabla ya kukipeleka kwa mpiga chapa tulikipeleka Buguruni kwanza. Mama fundi aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mmesema." Twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wenzetu waliopata kutumia pindo kwa kila ukingo wafanye vivyo hivyo: waende barazani kwanza, kisha ndipo waende kwa mpiga chapa.